Sahani Yangu Imebaki Njiani

Mashoga zangu, tangu nirudi simu yangu haijapoa. Mnauliza jambo moja tu: mnahama au hamhami? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza magoti yangu yakoje. Basi nimeona niandike mara moja, msome nyote, kisha mniache nilale. Na jibu silitii hapa juu, kwa sababu nawajua, mtasoma mstari mmoja mwende zenu.

Kwa wale wasiojua mwanzo wake: binti yetu Nuru, mtoto wetu pekee, anaishi Adelaide, Australia, na mumewe na watoto wao. Amejenga chumba nyuma ya nyumba yake, kina choo chake na mlango wake, akatupigia simu akasema, "Mama, hiki chenu." Mume wangu kusikia vile alikuwa keshafunga sanduku. Tangu astaafu hana kazi pale nyumbani kwetu Mabela, pembeni ya Maskati, ila kukaa sebuleni akingoja adhana, na baina ya adhana na adhana anatazama picha za watu wanaozurura na karavani, vile vyumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari. Mie nilikataa. Nililetwa Maskati kutoka Unguja nna miaka saba, mama akaniambia tunakwenda kutembea. Matembezi yale hayajesha mpaka leo. Nikamwambia Baba Nuru, mtu hahami mara mbili, moja inatosha kwa umri mzima.

Tumebishana mpaka tukachoka. Mwisho akaleta shauri lake: twende tukaione nchi yenyewe, tukodi karavani, tuzunguke polepole huko mashamba, si mjini kwa Nuru tu. Tukirudi mlangoni kwa Nuru, mie nitoe jibu. Nikisema ndiyo, tunahama. Nikisema hapana, halitaji tena neno hilo mpaka mmoja wetu azikwe. Nikaona hii rahisi, maana hapana yangu nilikuwa nayo mdomoni tangu mwanzo. Tukapeana mkono.

Adelaide

Tuliondoka hapa joto linachemsha, tukashukia kwenye baridi. Mwezi wa sita kule ndo kipupwe, na si kipupwe cha Unguja. Nilivaa soksi juu ya soksi na sweta la mkwe wangu, na bado meno yanagongana.

Nuru alinionyesha kile chumba. Kitandani katia foronya alizozitarizi mama yangu, ambazo mie nilidhani zimepotea zamani. Mtoto mjanja yule. Nikamwambia chumba kizuri, Mungu akibariki, nikageuka upesi asinione uso.

Nilikuwa nimemchukulia sahani. Mnazijua zile sahani za mama, nyeupe, zina mstari wa buluu ukingoni, zilizotoka Unguja zimezongwa kanga. Zimebaki mbili. Moja nilitaka ikae kwa Nuru. Lakini karavani yetu ilikuja na sahani za plastiki, na Nuru alipoziona akacheka, akasema, "Mama, chukua hii kwanza, utanirudishia. Nnakujua, lazma utapeleka watu chakula, na kwenye plastiki hutopeleka." Kweli, singepeleka. Nikaizonga kanga nikaitia chini ya mto wangu.

Kutoka Adelaide kwenda Clare

Baba Nuru kajifunza gari hapa Oman, tunapita kulia. Kule wanapita kushoto, na vijiti vya usukani navyo vimegeuzwa. Kila akitaka kukata kona, badala ya kuwaka taa zinakwenda waipa. Kutwa nzima waipa zinafuta kioo kikavu. Watu nyuma yetu hawapigi honi, wanangoja tu, na kule kungoja kwao kukanipa haya kuliko honi.

Njia yenyewe ni mashamba ya ngano na kondoo, kisha kondoo na ngano. Mwanzo nilikuwa nikisema mashaallah. Baadaye nikanyamaza. Kiti cha gari kile kimenipa maumivu ya kiuno ambayo ninayo mpaka sasa hivi ninapoandika.

Tulifika Clare alasiri, kwenye kambi ya karavani. Kila mtu anapewa kipande chake cha ardhi, baina ya karavani ya huyu na ya yule, na inabidi uingie kinyumenyume. Baba Nuru alikuwa amejigamba nalo hilo. Alikuwa akenda Wadi Kabir kwa fundi mmoja, wakifunga trela tupu nyuma ya gari la fundi, akarudi nyumbani akiniambia hii kazi ndogo. Basi mie nikashuka, nikasimama nyuma kama tunavyofanya kwetu, nikaanza: njoo, njoo, njoo, kata, kata.

"Nikate wapi?" anauliza.

"Kata tu."

"Mama Nuru, kata tu ni upande gani?"

"Ule uliokuwa unakata mwanzo."

Karavani ikajikunja ikawa inatazamana na gari. Tukatoka, tukaingia tena. Watu wakatoka na viti vyao vya kukunja na vikombe vyao vya chai, wakakaa kutazama. Wallahi walikaa. Mie nimesimama na baibui langu nakata hewa kwa mikono, na Baba Nuru katoa kichwa dirishani ananiambia kwa Kiswahili maneno ambayo nashukuru hakuna aliyeyafahamu.

Mwisho akaja bwana mmoja mkubwa wa mwili, kavaa suruali fupi katika baridi ile. Jina lake Ken. Akauliza kwa adabu kama anaweza kusaidia, akaingia kwenye gari, akarudi nyuma mara moja tu na karavani ikakaa mahali pake. Mkewe, Joan, mwanamke wa umri wangu, ana nywele nyeupe zimekatwa fupi, akanipa kikombe chake cha chai. Akaniambia kazi hii imeshavunja ndoa nyingi, na yeye na Ken ilikuwa kidogo tu. Nikakaa kwenye kiti chake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kukaa kwenye kitu kisichokwenda.

Jioni ile, kuchoka nimechoka, lakini mtu akikutendea huwezi kulala hivi hivi. Nikapika pilau ya kuku kwenye jiko lile dogo, kila nikigeuka naligonga kabati. Nikapakua kwenye sahani ya mama, nikafunika, nikapeleka kwa Joan. Akafurahi, akashika kifua. Nikarudi nikalala nimeridhika.

Asubuhi nafungua mlango, sahani iko kwenye ngazi. Imeoshwa, imekaushwa, inang'ara. Tupu.

Clare mpaka Melrose

Nyie mnafahamu, sina haja ya kueleza, lakini kama mjukuu wa mtu atasoma haya: kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Utie chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi kama huna. Ukirudisha tupu umesema, tumemalizana, usinizoee. Mama yangu alikaa miezi hasemi na jirani mmoja kwa sahani moja tu.

Nikamwambia Baba Nuru, jibu umelipata. Nchi wanayorudisha sahani tupu mie sihamii.

"Hawajui," akasema.

"Asiyejua si angeuliza?"

"Angeuliza nini? Mtu haulizi asichokijua kama kipo."

Akawasha waipa, tukakata kona. Baada ya kitambo akaniuliza taratibu, bila ya ubaya, "Na wewe pale Mabela, mara ya mwisho kuletewa sahani ilikuwa lini?" Nikamwambia Ramadhani. Akasema, Ramadhani haihesabiwi. Nikafikiri. Jirani wetu wa kulia ukuta wake mrefu, namjua gari lake, simjui uso. Wa kushoto kahamia juzi. Nyie mnakaa mbali, mpaka Alhamisi tuonane. Nikajifanya nimelala, na kweli nikalala.

Melrose ni kijiji chini ya mlima. Tulikaa pale siku nyingi kuliko tulivyotaka, kwa sababu mvua ilinyesha na Baba Nuru kapata mafua. Nikawa nnamchemshia tangawizi, nnamsikiliza akikohoa ndani ya chumba ambacho ukikunjua mguu unafungua mlango wa friji. Ken na Joan nao walikuwepo. Kule barabara ni moja, na wazee wote wanakwenda polepole, basi kila unapofika unakuta nyuso zile zile. Joan akinipungia mkono, na mie nampungia, lakini kwa ncha za vidole.

Hawker

Sasa habari ya choo, msinicheke. Vyoo vya kambi vinasafishwa vizuri, sina la kusema, lakini ni karatasi tu, maji ya kutawazia hakuna. Nilikuwa natumia chupa, na chupa inateleza. Tulipofika Hawker nikaingia duka la vitu vya bustani nikanunua kopo la kumwagilia maua, la kijani, lina mdomo mrefu. Kitu hicho kama kilitengenezwa kwa ajili yangu. Nikawa kila nikenda chooni nimelishika kopo langu limejaa.

Mbele ya vyoo vile palikuwa na mawaridi yamekaukiana. Siku ya pili mwenye kambi, mzee mwembamba mwenye kofia, akanisimamisha. Akanishukuru kwa moyo wake wote. Akasema mkewe marehemu ndiye aliyeyapanda mawaridi yale, na tangu afe hakuna mgeni aliyewahi kuyatazama, na mie asubuhi na jioni ananiona na kopo langu.

Ningemwambia nini? Kiingereza changu ni cha dirisha la zahanati nilikofanyia kazi: jina lako nani, unaumwa wapi, kaa pale usubiri. Hakitoshi kueleza istinjaa kwa mjane. Nikasema asante. Basi ikawa kila nikitoka chooni lazma nijaze tena kopo nimwagilie mawaridi ya marehemu, na magoti haya. Baba Nuru alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. Siku ya kuondoka yule mzee akanikatia waridi moja, la pekee lililokuwa limechanua, akalizungushia karatasi yenye maji ili lisinyauke njiani. Nikalitia kwenye kikombe juu ya jiko. Nililiangalia njia nzima.

Njiani, baada ya Hawker

Milima ya kule ni mawe matupu, mekundu na kahawia. Baba Nuru akasimamisha gari akaniambia nitazame ilivyo mizuri. Nikamwambia, nimetoka Oman kwenye mawe, umenipeleka mwisho wa dunia kunionyesha mawe. Akasema, basi si utakuwa kama uko kwenu. Yule mtu hashindiki.

Mchana tairi la karavani likapasuka. Hakuna mti, hakuna nyumba, simu haishiki. Upepo na nzi. Baba Nuru akatoa jeki, akapiga magoti, na hapo nikamwona mume wangu mzee. Mafua bado hayajamtoka, boliti haligeuki. Nikaingiwa na khofu ambayo sijawahi kuijua hata siku moja. Nikajisemea, akianguka hapa, mie nimwite nani? Na papo hapo nikajijibu: na akianguka Mabela, nimwite nani? Nuru yuko mbali, ndugu zake Baba Nuru wote wameshatangulia. Hilo ndilo lililokuwa likimkalisha sebuleni, na mie nikidhani ni uvivu wa kustaafu.

Gari la kwanza kutokea lilikuwa la Ken na Joan. Nikamshukuru Mungu, kisha nikaona haya kwa zile ncha za vidole.

Ken akashika tairi. Joan akakunjua viti viwili upande wenye kivuli cha karavani, tukakaa. Na mie, kwa uchovu labda, au kwa ile khofu iliyokuwa bado kifuani, nikamuuliza moja kwa moja: "Kwa nini ulinirudishia sahani tupu?"

Hakufahamu. Nikarudia. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha dirishani, na kwa mikono. Joan akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaniambia kwao kukaa na chombo cha mtu ndo aibu. Mama yake alikuwa akibandika karatasi yenye jina chini ya kila bakuli, na ukichelewa kurudisha unasemwa mtaa mzima. Akasema aliiona sahani ile ni ya zamani, akaiosha kwa mkono wake, na usiku hakulala vizuri kwa kuogopa isije ikavunjika kwake. Alfajiri akaikimbiza.

Kumbe wakati nnanuna mie, mwenzangu alikuwa akinistahi.

Nikamuuliza nyumba yao iko wapi. Akaonyesha karavani kwa kidole. Waliuza nyumba, watoto kila mmoja upande wake, wakasema watazunguka. Ken anapenda. "Na wewe?" nikamuuliza. Akatazama nzi mkononi mwake. Akasema anaikumbuka meza yake ya jikoni, na kwamba tangu waanze kuzunguka watu wengi wamempungia mkono, lakini aliyemletea chakula ni mie tu.

Marree

Lami inakwisha, na mwisho wake ni Marree. Kijiji kidogo, vumbi tupu, reli ya zamani isiyokwenda kokote. Nilikuwa nimechoka ile ya kutosikia hata njaa. Baba Nuru akaniambia kuna kitu anataka nikione, na kwamba kukiona kwangu huenda kukamgharimu, lakini si haki kunificha.

Akanipeleka makaburini. Upande mmoja makaburi ya Waislamu. Zamani, kabla ya malori, mizigo ya jangwa lile ilikuwa ikibebwa kwa ngamia, na wenye ngamia waliletwa kutoka Afghanistani, na India, na Baluchistani, ndugu wa hawa Wabaluchi wetu wa Maskati. Wengine hawakurudi makwao. Wamelazwa pale, makaburi mengine mawe tu, hayana jina. Baba Nuru akatoa simu akatazama kibla. "Wamewekwa sawasawa," akasema, na sauti yake haikuwa sawa.

Mie ndo nilikuwa nimeshinda. Hoja yangu yote ilikuwa imelala pale chini kwenye vumbi. Nikamwambia, "Unaona mwisho wa kuhama? Nani anawasomea hawa?"

Akainua mikono. "Leo, sie," akasema.

Akaanza Yasin. Kaihifadhi tangu mdogo. Mie nikasimama nyuma yake, upepo unanivuta mtandio, nikawa nawaza. Mama yangu kazikwa hapa Maskati, na hilo ndilo nililokuwa nikiwaambieni siku zote: siwezi kuliacha kaburi la mama. Lakini baba yangu kazikwa Unguja. Kaburi lake sijaliona tangu siku ile niliyoambiwa tunakwenda kutembea. Nimekaa umri wangu wote karibu na kaburi moja na mbali na jingine, na wote wawili nawaombea kutoka jikoni, nikiwa nasonga ugali au nakuna nazi, na naamini dua zinafika. Sikuwahi kuliona hivyo. Nililia, mashoga, nililia vibaya, na Baba Nuru hakukatisha Yasin, alipandisha sauti tu ili nisione haya.

Jioni yake nikapika mkate wa kumimina. Ken na Joan walikuwa wanaendelea kaskazini, jangwani, sie tunarudi kusini. Nikautia kwenye sahani ya mama, nikampelekea Joan, Baba Nuru yuko nyuma yangu anakunja mpira wa maji. Joan akapokea kwa mikono miwili. Akauliza, mara hii afanyeje?

Nikamwambia, usinirudishie asubuhi. Kaa nayo. Siku utakayopata kitu cha kutia ndani, ndo uniletee.

"Nikuletee wapi?"

Nikamtajia nyumba ya Nuru, mtaa na namba. Pengine popote pasingekuwa na maana, mtu haendeshi karavani mpaka Mabela.

Akasema, "Tutapita Adelaide joto likianza. Ntakufanyia pai ya matunda mekundu ya huku jangwani." Kisha akaniangalia vizuri, kama anaogopa kuuliza. "Utakuwepo?"

Sasa nyie niambieni. Mtu keshapokea sahani yako. Keshakwambia atakurudishia nini. Utamjibu hapana?

"Ntakuwepo," nikasema.

Nyuma yangu mpira wa maji ukanyamaza. Sikugeuka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye karavani nikalala na viatu.

Kurudi

Njia ya kurudi Baba Nuru hakusema kitu. Mkataba ulikuwa jibu litolewe mlangoni kwa Nuru, na yeye ni mtu wa mkataba. Lakini alikuwa akiendesha na mgongo umenyooka, na taa za kona zinawaka zote sawasawa, hata waipa moja haikukosea. Alininunulia machungwa njiani bila ya kuomba. Akanimenyea. Nikamwona ana khofu kuwa nitasema nililisema lile kwa adabu tu, na mie mwenyewe, kusema kweli, nilikuwa sijui. Nilikuwa nimechoka mno kujua.

Tulifika Adelaide magharibi inaingia. Nuru akatoka mbio, akanikumbatia, akanipokea mkoba, akapapasa ndani kama alivyokuwa akifanya mdogo akitafuta peremende.

"Mama, sahani yangu iko wapi?"

"Nimempelekea jirani chakula."

"Jirani gani?"

"Jirani yangu," nikasema. "Yuko njiani. Ataileta, na itakuja na kitu. Lakini lazma mie mwenyewe niwepo kuipokea."

Nuru akamtazama baba yake. Baba yake akatazama miti. Kisha mtoto wangu mtu mzima, mama wa watu, akakaa pale pale kwenye ngazi akalia kwa sauti, na mie nikakaa karibu yake, maana magoti yalikuwa hayanichukui tena.

Mabela

Basi mmeshajua. Tunakwenda, inshallah, joto la kule likianza. Msinipigie simu kunigeuza nia, mwenyewe nimeshajaribu mara nyingi. Kila usiku nikilala najiambia, Raya, umri huu? Na kila asubuhi Baba Nuru ananiletea chai kitandani, mtu ambaye alikuwa hajui hata sukari inakaa wapi. Nna khofu, siwafichi. Safari hii angalau hakuna aliyenidanganya kuwa nakwenda kutembea.

Alhamisi nitakuja kama kawaida, anichukue yeyote mwenye gari, mie niacheni nikae nyuma nilale, viti vya gari kwa sasa sina hamu navyo. Nitaleta vibibi vya mchele na nazi, kwenye ile sahani ya pili ya mama. Mmoja wenu atabaki nayo, chagueni wenyewe. Na asije akanirudishia mbio mbio kabla sijaondoka. Akae nayo mpaka nije kuifuata.